Ripoti mbili, bei mbili: kuoanisha tathmini za bima katika makazi ya pamoja Malindi

Chukua mfano wa makazi ya nyumba 12 upande wa Casuarina. Kamati ina ripoti mbili za wathamini mezani. Moja inasema shilingi milioni 168, nyingine milioni 104. Bima inaisha baada ya wiki 5. Hapo lazima atokee mtu, mara nyingi mweka hazina, apendekeze njia ya amani: jumlisha, gawa kwa mbili, andika milioni 136, tuendelee na ajenda inayofuata. Wajumbe wanaitikia, na wamiliki walioko ng'ambo wanatuma alama ya dole gumba kwenye WhatsApp.

Uamuzi huo ndio unaowagharimu watu fedha nyingi kuliko makosa mengine yote ya bima ya makazi ya pamoja ninayoyajua. Ukichukua bei ya ng'ombe na bei ya maziwa ukazigawa kwa mbili, hupati bei ya chochote. Ripoti mbili zikitofautiana kwa milioni 64, karibu kila mara wathamini wamejibu maswali mawili tofauti. Kazi ya kamati ni kuzifumua ripoti hizo mstari kwa mstari mpaka ijulikane kila shilingi ya tofauti imetoka wapi.

Kwa nini jambo hili ni la kamati na si la kila mmiliki na nyumba yake? Kwa sababu paa, kuta, misingi na mabomba ni mali ya wote. Sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba mwaka huo, inaliweka suala la kukatia majengo bima mikononi mwa shirika la wamiliki. Makazi ambayo bado yanaendeshwa na kampuni ya usimamizi ya mtindo wa zamani hufanya kazi hiyohiyo chini ya mikataba ya wamiliki. Kwa vyovyote vile, kiwango cha bima, yaani thamani mnayokatia majengo bima, kikikosewa, pengo linazibwa na mifuko ya wenye nyumba wote, hata wale ambao nyumba zao hazikuguswa na moto.

Thamani ya kitu gani?

Mthamini anaweza kuulizwa maswali matatu kuhusu jengo lilelile, akatoa majibu matatu, na yote yakawa sahihi. Likiuzwa leo sokoni litapata bei gani? Benki ikilazimika kulipiga mnada itaokoa kiasi gani? Na likiteketea usiku huu, itagharimu kiasi gani kulisimamisha tena kwa vifaa vipya, pamoja na kusomba kifusi, kuwalipa wataalamu na kulipa kodi? Bima ya majengo inataka jibu la swali la tatu peke yake. Ardhi haiungui, na mandhari ya bahari hayahitaji kujengwa upya.

Kwa hiyo kabla hujatazama tarakimu yoyote, fungua kurasa mbili za mwanzo za kila ripoti. Tafuta vitu vinne: imeandikiwa nani, kwa madhumuni gani, kwa msingi gani wa thamani, na jengo lilikaguliwa tarehe ngapi. Ripoti iliyotayarishwa kwa ajili ya mkopo wa benki itakuwa na bei ya soko kwa herufi nzito, bei ya mnada chini yake, na mwishoni kabisa mstari mmoja wa thamani ya bima usio na mchanganuo wowote. Kamati nyingi huchukua ile tarakimu nzito. Zinazojitahidi zaidi huchukua ule mstari wa mwisho, ambao nao mara nyingi ni makisio ya haraka, kwa kuwa benki haikulipia hesabu kamili ya ujenzi.

Katika mfano wetu, ripoti ya milioni 168 ilipatikana hivi: nyumba za jirani zinazofanana zimeuzwa kwa kama milioni 14 kila moja, zidisha kwa 12. Ni bei ya soko, na ardhi imo ndani. Ripoti ya milioni 104 ni hesabu ya ujenzi kweli: mita za mraba 1,860 kwa shilingi 50,000, ni milioni 93, kisha milioni 11 za bwawa, ukuta wa mpaka, matangi ya maji taka na njia za ndani. (Bei hizi zote ni za kuonyesha hesabu tu. Bei ya mita ya mraba ya makazi yenu itoke kwa mkadiriaji wa gharama za ujenzi anayefanya kazi Pwani.)

Hapa Malindi kosa la kuchanganya soko na ujenzi lina sura mbili, nazo huvuta pande tofauti. Kwenye viwanja vya mstari wa kwanza baharini, ardhi peke yake inaweza kubeba sehemu kubwa ya bei, hivyo bei ya soko ikatiwa kwenye bima mkawa mnalipia ulinzi wa mchanga. Ukirudi ndani, mbali na ufuo, hasa pale wamiliki walioko ng'ambo wanapouza kwa haraka, bei ya soko inaweza kuwa chini ya gharama ya kujenga. Anayesema "ripoti kubwa ndiyo salama" amesahau upande huo wa pili.

Utepe wa kupimia

Wathamini wakishakubaliana kuhusu swali, tofauti inayofuata hutoka kwenye vipimo. Mmoja amepima ndani ya vyumba, ukuta hadi ukuta. Mwingine amepima kwa nje. Kuta za mawe ya matumbawe na plasta yake si nyembamba, na katika nyumba 12 unene huo peke yake unafikia mita za mraba nyingi. Katika mfano wetu, mita 1,860 za ndani zinakuwa 2,000 ukipima kwa nje, na gharama ya ujenzi huhesabiwa kwa kipimo cha nje. Hapo milioni 7 zimeshaonekana, na hakuna aliyesema uongo.

Kisha kuna baraza. Nyumba za huku huishi barazani: kuna paa, sakafu, nguzo, taa, feni. Hazimo kwenye mita za vyumba, na bei yake kwa mita ni ndogo kuliko ya chumba, kwa hiyo ziwe na mstari wake. Mthamini aliyeziacha ameacha theluthi ya maisha ya nyumba nje ya bima.

Dawa ni rahisi. Waiteni wote wawili wapime nyumba moja pamoja, utepe mmoja, mbele ya fundi wa makazi. Saa moja inatosha. Wakikubaliana juu ya nyumba moja, zilizobaki zinazofanana zinafuata.

Paa la makuti

Hapa nitakaa kidogo, maana sijaona kitu kinachopotosha hesabu za bima Malindi na Watamu kama makuti.

Mthamini aliyezoea mabati na vigae huchukua eneo la sakafu, akalipangia paa bei ya wastani, akaendelea. Lakini paa la makuti lazima liwe na mteremko mkali ili maji ya mvua yateremke haraka. Mafundi huliinua kwa mteremko wa karibu nyuzi 45. Kwa mteremko huo, eneo la paa ni kama mara 1.41 ya eneo linalofunikwa. Chukua banda la kando ya bwawa lenye sakafu ya mita 10 kwa 15, yaani mita za mraba 150. Ongeza upenu wa mita moja kila upande: sasa unafunika 12 kwa 17, mita 204. Zidisha kwa 1.41 na unaezeka kama mita 288, karibu mara mbili ya ile 150 iliyoandikwa kwenye ripoti. Anayebisha ampandishe fundi juu na kamba ya kupimia.

Halafu kuna kilichomo. Makuti ya viungo hununuliwa kwa idadi, na idadi inategemea fundi amebana safu kiasi gani. Safu zilizobanana hudumu zaidi na humeza makuti mengi zaidi. Safu zilizoachana huonekana sawa kwa chini mpaka mvua ya masika ifike. Mthamini asimame chini ya paa, atazame kwa ndani, ahesabu safu katika mita moja ya kombamoyo (mti mrefu wa paa), na aandike hesabu hiyo kwenye ripoti. Chini ya makuti kuna fito na pau, kuna makombamoyo, na kwenye majengo makubwa kuna boriti za mikoko au nguzo za mvinje. Vyote hivyo huungua pamoja. Ripoti inayosema "paa la makuti" kisha tarakimu moja, bila kutaja mbao zilizolibeba, haijahesabu paa.

Bei za vitu hivi hazitulii. Marufuku ya kukata miti iliyotangazwa Februari 2018 iliwakumba hata wakataji mikoko wa Lamu, na boriti ni bidhaa ya huko. Ndiyo sababu bei ya boriti kwenye ripoti haitoshi. Iwe na tarehe na jina la soko ilikoulizwa.

Kampuni za bima huliangalia paa hili kwa jicho kali, na zina haki. Msimu wa kaskazi, paa likiwa kavu na upepo unavuma, cheche kutoka banda moja hufika paa la pili kabla ndoo ya kwanza haijajaa. Kwa hiyo hoja ya "hayawezi kuungua yote kwa siku moja", inayotolewa ili kupunguza kiwango cha bima, haina nguvu katika makazi ambayo mapaa yote ni ya makuti na yamekaribiana. Na hata kama ingekuwa kweli, kiwango cha bima hupimwa kwa thamani ya majengo yote yaliyotajwa kwenye mkataba.

Jambo moja zaidi: kamati nyingine huomba mthamini ahesabu paa la vigae "kwa sababu tukiungua hatutarudia makuti". Bima hulipa kurudisha kilichokuwapo. Mkitaka kubadili, tofauti ya bei ni yenu, na msiichanganye na hesabu hii.

Mistari inayoachwa

Sasa tuifumue ile milioni 104 na kuijenga upya.

Nyumba, mita za mraba 2,000 kwa 50,000: milioni 100.
Baraza, mita 300 kwa 25,000: milioni 7.5.
Bwawa, ukuta, maji taka, njia: milioni 11.
Kisima, pampu, jenereta, paneli za jua: milioni 3.5.
Hapo ni milioni 122.
Kubomoa mabaki na kusomba kifusi: milioni 5, inakuwa 127.
Ada za msanifu, mhandisi na mkadiriaji, asilimia 10: milioni 12.7, inakuwa 139.7.
Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) asilimia 16: milioni 22.35, inakuwa 162.05.
Kupanda kwa bei, asilimia 6: milioni 9.72.
Jumla milioni 171.77. Andika 172.

Mstari wa VAT ndio unaobishaniwa zaidi. Wapo wathamini wanaouacha kwa mazoea, kwa kuwa wateja wao wakubwa ni kampuni zilizosajiliwa kwa kodi hiyo na huirudishiwa. Shirika la wamiliki wa nyumba za kuishi ambalo halijasajiliwa haliwezi kudai kurudishiwa chochote. Mkandarasi atakapoleta ankara, asilimia 16 hiyo inatoka mfukoni. Basi iandikwe.

Mstari wa kupanda kwa bei nao watu huuona kama wa kujipendelea. Fikiria moto unaotokea mwezi wa 11 wa mkataba. Kibali cha kaunti kinatafutwa, michoro inachorwa, zabuni zinatolewa, ujenzi unaanza. Saruji mtakayonunua itakuwa ya bei ya mwaka mmoja na nusu baadaye. Vifaa vya bwawa, paneli za jua na vigae vingi hutoka nje, na bei yake hufuata dola. Mnamo Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, kisha ikashuka hadi karibu 130 mwaka huohuo. Ripoti mbili zilizoandikwa miezi sita mbalimbali katika mwaka wa namna hiyo zinaweza kutofautiana kwa sababu hiyo tu, kwa hiyo kubalianeni tarehe moja ya bei.

Angalieni pia kama kuna aliyepunguza bei kwa ajili ya uchakavu. Chumvi ya bahari hula nondo mpaka zege linapasuka, na mthamini anayetazama nguzo zenye nyufa atavutika kupunguza asilimia fulani. Kwa bei ya soko ni sawa. Kwa bima ya kujenga upya ni kosa, kwani nondo mtakayonunua itakuwa mpya. Nyufa hizo zitengenezwe na zisiachwe, lakini ni hesabu nyingine, ya mfuko wa matengenezo.

Sasa tazama matokeo. Jibu sahihi, milioni 172, limekaribiana sana na ile 168 ya soko. Imetokea hivyo kwa bahati, na mwakani bei za nyumba zikishuka bahati hiyo itaondoka. Na ile 136 ya mweka hazina imeanguka mbali.

Umbali huo una maana gani kwa fedha? Mikataba ya bima ya majengo huwa na kifungu cha wastani: ukijikatia bima pungufu, unahesabiwa kuwa umejibebea mwenyewe sehemu iliyobaki, na kila fidia inapunguzwa kwa uwiano huo, hata kama hasara ni ndogo. Mikataba mingi ya kujenga upya hukusamehe ukiwa umefika asilimia 85 ya thamani halisi. Soma wako, asilimia imeandikwa humo. Asilimia 85 ya 172 ni milioni 146.2. Kwa bima ya 136 hamjafika. Jiko la nyumba moja likiwaka, paa likaenda, hasara ikawa milioni 20, mtalipwa 20 mara 136 gawa kwa 172, yaani milioni 15.8. Pengo la milioni 4.2 ni lenu, kama shilingi 350,000 kwa kila nyumba kama mnachangia sawa. Kwa bima ya 104 mngelipwa milioni 12.1 na pengo lingekuwa 7.9.

Linganisha na ada. Kwa kiwango cha mfano cha asilimia 0.2, milioni 172 ni ada ya shilingi 344,000 kwa mwaka, na 104 ni 208,000. Tofauti ni 136,000, au kama 11,300 kwa nyumba. Juu yake kuna tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2 ya ada, mfuko wa fidia wa asilimia 0.25 ya ada, na ushuru wa stempu wa shilingi 40. Makuti yatapandisha kiwango hicho, lakini uwiano wa hoja haubadiliki.

Kikao cha wathamini

Ripoti zote mbili zikishafumuliwa, tengenezeni karatasi moja yenye safu nne: kipengele, ripoti ya kwanza, ripoti ya pili, sababu ya tofauti. Watumieni wathamini wote wawili siku saba kabla ya kikao, na muwaombe wajaze safu ya nne wao wenyewe. Mwenyekiti aandike kwa heshima, mtu aliyetia sahihi na mhuri ripoti yake hapendi kuitwa mahakamani, lakini akiulizwa "bwana mthamini, bei hii ya mita imejumuisha paa?" atajibu bila shida. Nusu ya tofauti hufa kabla ya kikao, kwenye barua pepe.

Hakikisheni kwanza kwamba kila mmoja amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini na ana cheti cha kazi cha mwaka huu. Kampuni ya bima inaweza kuikataa ripoti isiyo na sifa hiyo, na haifai kupoteza nusu siku kuijadili. Kwa mistari ya gharama za ujenzi, mkadiriaji wa gharama za ujenzi aliyesajiliwa ndiye mwenye neno zito zaidi kuliko mthamini wa ardhi. Kama bajeti inaruhusu mtu mmoja tu wa ziada, awe huyo.

Kikao kifanyike kwenye makazi yenyewe, ili mtu akisema kisima hakina pampu mwende mkaitazame. Kila mstari ufungwe kwa moja ya njia tatu: wamekubaliana, mmoja amerekebisha, au umebaki na ubishi. Vile vya ubishi, ambavyo mara nyingi huwa viwili au vitatu, vipelekwe kwa mtaalamu wa tatu kwa barua inayomtaka aamue vipengele hivyo pekee, na pande zote zikubali kwa maandishi kabla hajaanza kwamba watafuata uamuzi wake. Msimwagize ripoti kamili ya tatu. Mtapata tarakimu ya tatu na kamati itarudi kwenye kugawa kwa mbili, safari hii kwa tatu.

Mwishoni, mthamini mmoja atoe ripoti iliyorekebishwa, yenye mchanganuo, sahihi na tarehe. Karatasi ya safu nne iambatanishwe. Kumbukumbu za kikao cha kamati zitaje tarakimu, msingi wake na nani alipiga kura.

Na zile wiki 5? Msiache bima ikatike mkisubiri. Sheria ya bima ya Kenya hairuhusu kampuni ya bima kubeba hatari kabla ada haijalipwa, kwa hiyo ahadi ya simu ya "tutalipa wiki ijayo" haina uzito siku ya moto. Huisheni kwa tarakimu kubwa inayoweza kutetewa, na muombe kwa maandishi kwamba kiwango kitarekebishwa ripoti ya pamoja ikitoka. Ikishuka, ada ya ziada huombwa irudishwe kwa hesabu ya siku zilizobaki. Bima pungufu haina marejesho ya namna hiyo baada ya hasara.

Ripoti ikishakamilika, dalali wa bima aiombe kampuni ya bima vitu viwili. Kwanza, mkataba utaje kwamba kiwango kimewekwa kwa kufuata ripoti hiyo ya tarehe hiyo. Pili, kifungu cha wastani kilegezwe au kiondolewe maadamu tathmini haijapita muda fulani na mnaongeza kiwango kila mwaka. Kampuni nyingine hukubali, nyingine hukataa, lakini asiyeomba hapewi. Mzozo ukibaki baada ya hasara, Mamlaka ya Udhibiti wa Bima hupokea malalamiko, na karatasi yenu ya safu nne ndiyo ushahidi wa kwanza watakaouliza.

Mlango wa Lamu

Limebaki suala moja ambalo huwafanya wathamini wawili wema watofautiane bila kujua: mpaka kati ya mali ya wote na mali ya mtu.

Nyumba namba 4 ina mlango wa mbele wa mbambakofi uliochongwa Lamu, vizingiti vyenye nakshi, nguzo ya katikati, na pete za chuma. Nyumba namba 5 ina mlango wa kawaida wa mbao uliowekwa na mjenzi. Mthamini wa kwanza kahesabu alichokiona. Wa pili kahesabu milango 12 inayofanana, kwa kufuata michoro ya awali. Ongeza jiko la mawe ya granaiti la namba 7, na AC alizojiwekea namba 9, mamilioni yanaanza kutengana.

Kanuni za makazi zinapaswa kusema bima ya pamoja inaishia wapi: kwenye jengo kama lilivyokabidhiwa na mjenzi, au pamoja na maboresho ya kila mmiliki. Zikiwa kimya, kamati ipitishe azimio kabla wathamini hawajaanza kupima, na wote wawili wapewe nakala. Mkiamua kuwa ni jengo la awali, kila mmiliki aandikiwe kwamba maboresho yake ayakatie bima yake mwenyewe pamoja na samani. Mkiamua kuyajumuisha, kila mmoja alete orodha na risiti, na mchango wake wa ada uongezwe kwa kiasi hicho. Si haki namba 5 amlipie namba 4 nakshi.

Mlango wenyewe upigwe picha sasa, ukiwa mzima: mbele, nyuma, na karibu kabisa kwenye nakshi, utepe ukiwa umening'inizwa pembeni ili urefu uonekane. Andika aina ya mbao, upana wa kila ubao, na mwezi ulionunuliwa. Picha hizo na ripoti viwekwe kwa dalali na kwenye barua pepe ya kamati, maana kabati la ofisi ya makazi nalo liko chini ya makuti.